Asiyepakwa Rangi Hahesabiwi

Kila Jumapili baada ya adhuhuri, Shabbir alifunga mlango wa mbele wa duka lake la misumari na bawaba pale Malindi, akaondoa mikebe ya rangi juu ya meza ndefu ya uani, akamwaga mchanga, akaufinyanga vilima kwa kiganja, kisha akakaa kungoja kuudhiwa. Mwenye kumuudhi alikuwa Tribhovan, muuza nguo wa duka la jirani, na Tribhovan hakuchelewa hata siku moja. Alikuja na jeshi lake ndani ya kikapu, akalimimina mezani kama mtu anayemimina dagaa, na jeshi lenyewe lilikuwa la kijivu tangu kofia hadi kiatu.

"Hukupaka," Shabbir alisema.

"Sikupaka," Tribhovan alikubali, akaanza kuwapanga.

Mchezo huo waliurithi kwa Mzungu mmoja wa shamba la mpira. Shamba lilipomfia mikononi alirudi kwao, akamwachia Shabbir kalibu ya kusubu askari wadogo wa risasi, mzinga wa springi uliorusha misumari, na kanuni za vita alizomweleza mpaka mate yakamkauka. Shabbir aliyeyusha chubwi kuukuu za nyavu za kuvulia, akasubu majeshi mawili, lake na la jirani yake. Askari walikuwa wa urefu wa kidole. Walisogezwa kwa kipimo cha uzi, wakapigwa misumari, na aliyeanguka aliondolewa mezani.

Juu ya kanuni za Mzungu, Shabbir aliongeza moja ya kwake, na aliipenda kuliko zote: asiyepakwa rangi hahesabiwi. Askari wa kijivu aliweza kusimama mezani apendavyo, lakini akipiga, pigo lake si pigo, na akiteka kilima, kilima hakijatekwa. Tribhovan aliisikia kanuni hiyo kama anavyosikia jogoo wa jirani. Alisema risasi ni risasi, ukiipiga inaanguka, na kwamba mtu anayemaliza juma zima akitia mistari kwenye suruali ya kitu kisicho na miguu, huyo biashara yake imelala. Kwa Shabbir maneno hayo yalikuwa sawa na kumpakulia mgeni wali mbichi kisha ukamwambia ameze, tumboni hakuna macho. Kila Jumapili walimaliza vita wote wawili wakiwa washindi, na kila Jumapili Shabbir alikwenda kulala na kichwa kinamgonga.

Si kwamba alipaka kwa mkono wake. Mkono wake ulikuwa wa kupima misumari. Aliyepaka alikuwa Dzombo, Mgiriama wa Adu, ng'ambo ya mto Sabaki, aliyekuja dukani kununua rangi nyekundu akabaki kuwa mtu wa kazi. Ukoo wa Dzombo ndio uliopaka vigango, zile mbao ndefu za kuchongwa wanazosimamishiwa wazee wenye hadhi wakisha kufa. Alipaka kwa ncha ya unyoya wa kuku, amechutama, mgongo ukielekea mlangoni, na hakuzungumza akiwa na unyoya mkononi. Sharti lake lilikuwa moja.

"Uso haupakwi bila mwenyewe," alimwambia Shabbir.

Shabbir alimjibu ampake amtakaye, mradi suruali zifanane. Basi Dzombo alipaka nyuso zilizokuwa kichwani mwake. Mwaka ule askari wa Boma walikuwa wamepita Adu, wakapita Junju, wakachukua vijana kwenda kubeba mizigo kwenye vita vya Mdachi huko kusini, na hao ndio waliokuwa kichwani mwa Dzombo. Aliwapaka mmoja mmoja, mwenye kidevu kirefu kwa kidevu chake, mwenye makengeza kwa makengeza yake. Juu ya nyuso zao alitia tarbushi nyekundu, na miilini koti na vifungo, vitu ambavyo hakuna aliyewapa walipochukuliwa.

Hata Bwana Shauri aliwasifu. Huyo ndiye Mzungu wa Boma, na watu walimwita kwa cheo chake kwa sababu waliokuja na cheo hicho walikuwa wanabadilishwa kabla jina halijazoeleka. Alikuja kutafuta bawaba za dirisha, akainama juu ya meza, mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Alimwambia Tribhovan kwa upole kuwa jeshi lisilopakwa si jeshi, ni chuma tu. Usiku ule Shabbir alilala vizuri.

Kisha ikaja Jumapili aliyofungua sanduku akakuta askari mmoja yuko uchi. Hakuwa amechubuka. Alikuwa kijivu kitupu, kama aliyetoka kwenye kalibu asubuhi hiyo, na chini ya sanduku hamkuwa na hata gamba moja la rangi. Shabbir aliilaumu chumvi ya bahari, akailaumu rangi, akamlaumu aliyemuuzia rangi, na Tribhovan alicheka mpaka akaomba maji. Dzombo alimpaka upya. Kulipokucha yule askari alikuwa kijivu tena.

"Ni Katana wa Kanze," Dzombo alisema akimgeuza kwenye mwanga. "Kafa."

"Kafa na rangi yangu," alisema Shabbir.

Dzombo akasema ndiyo, na rangi pia, akamrudisha mahali pake. Juma lililofuata walikuwa uchi wengine wawili, na baada ya hapo Shabbir aliacha kusubiri Jumapili. Alifungua sanduku kila asubuhi kabla ya duka, na asubuhi nyingi alilifunga kwa kishindo.

Habari zilivuka mto zenyewe. Kanze ndiye aliyefika wa kwanza, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akauliza yuko wapi mwanawe. Dzombo alimwita mayo, kama wanavyoitwa akina mama wa kwao, akamwekea askari wa kijivu kiganjani. Kanze alimpima uzito, akatikisa kichwa, akasema alishajua, kwa kuwa Katana alimjia ndotoni akilalamika baridi. Baada yake wakaja wengine. Walikuja siku za soko na mayai na korosho zao, wakapanga mstari barazani, na kila mmoja akamuuliza mwenye duka kama leo wake yupo. Shabbir aliwaonyesha. Aliyemkuta mwanawe bado ana tarbushi alicheka akaenda zake sokoni, na aliyemkuta wa kijivu aliketi chini palepale alipo, kati ya mapipa ya misumari. Wateja wa bawaba wakawa wanapenya kwa ubavu. Shabbir aliwanung'unikia wote, wateja na akina mama, lakini hakumwambia yeyote asije, kwa sababu Boma haikuwa ikiwaambia kitu.

Kanze alirudi kumtaka askari wake moja kwa moja. Kwao Adu, mtu aliyefia mbali huchimbiwa kaburi na kutiwa kitu mahali pake, kisha husimamishiwa koma, kijiti cha kumkumbukia, kikavishwa kitambaa ili asione baridi. Asipofanyiwa hivyo huzunguka akiwasumbua waliobaki, na wenye makosa ni waliobaki. Shabbir alikataa. Alisema risasi ni yake, kalibu ni yake, na jeshi limeshapungua hadi Tribhovan anamwonea huruma, jambo ambalo hawezi kulistahimili. Kanze alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Wewe unamtaka acheze," alisema. "Na wewe mwenyewe umesema asiye na rangi hachezi. Sasa wamtakia nini?"

Shabbir alisema basi kwanza Boma iseme. Boma ikisema Katana amekufa, atamtoa. Alivaa kofia yake ya dhahabu ya Kibohora, akamtia askari mfukoni, wakaongozana.

Bwana Shauri aliwapokea bila kuwangojesha sana. Alimchukua askari wa kijivu, akamtazama, akamsogeza dirishani, akakumbuka kuwa huyu ndiye aliyekuwa na kidevu kirefu. Alisema ni wazi kabisa kwamba kijana amefariki, na kwamba anasikitika. Kanze akasema vema, basi na aandikwe, ili ukoo ujue na Serikali ijue. Hapo Bwana Shauri alimrudishia Shabbir askari wake, akaeleza kwa utaratibu kuwa wanaoandikwa ni askari. Mpagazi hakupewa sare, na asiye na sare si askari, kwa hivyo hakuna pa kumwandika.

Shabbir alisema mtu aliyekufa ni mtu aliyekufa. Alisema hata wahenga wamesema, Mgala muue na haki yake mpe.

"Asiye na sare hahesabiwi," Bwana Shauri akajibu, bila kuudhika. "Kanuni hii unaijua, Shabbir. Ndiyo ya mezani kwako."

Walirudi kwa miguu, jua la mchana likiwachoma. Shabbir alikuwa na hasira, na kila alipotafuta mtu wa kuitupia alimkuta amesimama ndani ya kofia yake mwenyewe. Mbele ya duka alimtoa askari mfukoni akampa Kanze. Kanze alimfunga kwenye pindo la nguo yake, akasema ahsante, akashika njia ya mtoni.

Baada ya hapo aliwatoa wote wa kijivu, kila mama na wake. Waliobaki bila mama wa kuwajia, Shabbir aliwapanga mezani Jumapili, mstari wa mbele, akasema kanuni imefutwa, kuanzia leo wa rangi na wa kijivu wote wanahesabiwa. Alisema kwa kiburi kidogo, kama mtu aliyefungulia kuku. Tribhovan alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, haingii.

"Siwezi, Shabbirbhai," alisema.

Akafunua kikapu. Jeshi lake lilikuwa limepakwa. Mkewe, Prabhavati, ndiye aliyelipaka, kwa manjano ya jikoni na nili iliyobaki kwenye vitambaa, na ingawa mistari ilikwenda upogo, hapakuwa na hata mmoja aliyeachwa. Tribhovan alieleza kuwa Prabhavati alikataa kulala nyumba moja na kikapu cha watu wa kijivu asiojua ni wa nani. Naye mwenyewe, miaka yote hii, hakujua kuwa ni watu. Sasa anajua, na hawezi kuwapiga misumari watu waliokwisha kufa, hata kama wamewekwa mstari wa mbele. Shabbir alimwambia kwamba wao ndio hasa wanaopaswa kuhesabiwa. Tribhovan akasema wahesabiwe, lakini si kwa kupigwa tena. Walibishana mpaka magharibi, kila mmoja akiyashika maneno aliyoyakataa mwaka uliopita, na mchanga ukabaki na vilima vyake, hakuna aliyeviteka.

Adu walikaa matanga ya Katana, na Dzombo aliomba ruhusa aende. Kanze alikuwa amemtaka apake koma, kwa kuwa yeye ndiye aliyeujua uso. Shabbir alimpa mkebe wa rangi nyekundu na robo ya mkebe mweupe, akamwagiza arudi upesi kwa sababu duka limejaa. Watu walifurika matangani, wa Adu na wa vijiji vya pembeni, maana hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya kwanza ya mtu wa vita. Walikuwa wamekwisha kumfukia askari wa risasi katika kaburi la urefu wa mtu mzima, na Dzombo alikuwa amechutama akipaka, pale askari wa Boma walipotokea pande zote. Walikuwa wametumwa kutafuta wapagazi wengine. Kutafuta watu mashambani huchosha, na hapa walikuwa wamejikusanya wenyewe. Dzombo aliomba amalizie jicho la pili. Walimwachia amalizie, wakamfunga kamba.

Shabbir alikwenda Boma siku hiyohiyo aliposikia. Alisema yule si kijana wa kubeba mizigo, ni mpaka-rangi wake, na mji mzima unamtegemea. Bwana Shauri alikiri kuwa itakuwa hasara pale mezani. Alisema pia kuwa watu wamekwisha kushushwa Mombasa, na kwamba kama angejua mapema. Shabbir alimngoja amalize sentensi hiyo, lakini ilikuwa imekwisha.

Ijumaa iliyofuata, Shabbir aliporudi msikitini, alimkuta mwanamke barazani ana mtoto mgongoni. Alimsalimia, akasema jina lake Mbeyu, mke wa Dzombo, na kwamba amekuja kumtazama wake.

Shabbir aliingia ndani akafungua sanduku, ingawa alijua. Dzombo alipaka kila mtu aliyemjua isipokuwa nafsi yake. Alitoka na askari mpya, wa kijivu, aliyemsubu juzi. Mbeyu alipomwona akashika ukuta.

"Hapana, hapana," Shabbir alisema haraka. "Huyu hajafa. Huyu hajapakwa."

"Basi mpake," alisema Mbeyu.

Shabbir alichukua unyoya wa kuku. Aliketi, akachovya, akamkaribia yule askari, na mkono ukasimama hewani. Alimjua Dzombo. Aliujua mgongo wake ulivyopinda, akaijua shingo yake kwa nyuma, na kucha zenye rangi nyekundu isiyotoka, na namna alivyokohoa kabla ya kusema neno. Miaka yote Dzombo alikaa amempa mgongo, na Shabbir hakuwahi kuzunguka upande wa pili. Alitafuta uso kichwani mwake kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko anaojua hauna kitu, na hakuupata.

"Yuko vipi?" aliuliza mwishowe, na aliona haya kuuliza.

Mbeyu hakumcheka wala hakumlaumu. Alisema ana mwanya wa juu. Alisema jicho la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na kovu kwenye nyusi, alichanjwa na ukuti. Shabbir alipaka. Mbeyu alitazama akasema si yeye. Shabbir alifuta kwa mafuta ya taa akapaka tena, Mbeyu akasema pua si hiyo, hiyo ni ya baba yake. Tribhovan alikuja akasimama nyuma yao, akasema anakumbuka masikio yamesimama, naye alishukuriwa. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala. Jioni ilipoanza kuingia Mbeyu alimgeuza askari kuelekea mwanga wa mlangoni.

"Karibu," alisema. "Huyu yuko karibu."

Walimwacha akauke juu ya pipa la misumari.

Asubuhi alikuwa kijivu. Shabbir alipiga magoti akatazama chini, akapapasa sakafu kwa kiganja. Wale wa Dzombo, rangi yao iliondoka nao pasipo kuacha kitu, lakini hapa magamba ya rangi yalikuwepo. Yalikuwepo kidogo, mekundu na meupe. Hayakutosha mtu mzima.

Aliyakusanya kwenye karatasi. Mbeyu alipokuja, alimwonyesha askari na karatasi pamoja, akamweleza wazi kuwa hajui. Huenda ni mkono wake ulioshindwa, na mkono wake haukuwahi kuwa wa kupaka. Au huenda ni Dzombo, na rangi imekwenda naye. Aliyeweza kuwaambia ni Dzombo mwenyewe.

"Nimsimamishie koma?" Mbeyu aliuliza. "Nikimsimamishia yu hai, nimemwua. Nisipomsimamishia kafa, anapigwa baridi."

Shabbir alisema hajui. Alilisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na mteja wa bawaba akageuka. Alitaka kumshika mtu shingo, ila waliokuwa karibu ni watu wake.

"Basi mpake tena," alisema Mbeyu, akafungua mbeleko, akaketi.

Tangu hapo ndivyo wanavyofanya. Jumapili meza imelala bila vita. Tribhovan huja na kikapu chake kilichopakwa, hukaa, hunywa chai, hurudi nacho. Ijumaa Mbeyu huvuka mto, huketi juu ya pipa, husema jicho chini kidogo, mwanya juu, na Shabbir hupaka. Kukicha hupiga magoti kutafuta magamba. Mara huwa mengi, mara machache, na hayajawahi kutosha wala kukosekana. Kule Adu, karibu na koma ya Katana, kuna kijiti kingine kimechongwa, kimelazwa ukutani mwa nyumba, hakijasimamishwa wala hakijatupwa.

Vita vilipokwisha Bwana Shauri alikuwa mwingine, naye alihitaji bawaba. Alimwona askari mmoja juu ya pipa, rangi bado mbichi, akainama kumtazama, mikono nyuma. Alisema uso umepakwa vizuri sana, unakaribia kusema, ila amesahauliwa sare.

Shabbir alimwambia ni kweli, hakupewa. Akamfungia bawaba zake, akarudi kwenye jicho la kushoto.